Wasifu wa Mohamed Amin mtandaoni unasubiri magazeti yetu ya zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo linalowahusu wasomaji wako na chumba chako cha habari kwa pamoja: jinsi wasifu wa mwanahabari wa vita unavyoandikwa na kurekebishwa katika Wikipedia, na kwa nini gazeti linaweza kuwa chanzo cha kosa au dawa yake. Nitashika mfano mmoja, wa Mohamed Amin. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanzisha kampuni ya Camerapix hapo hapo Dar es Salaam mwaka 1963, na akafa tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa. Kati ya miaka hiyo alikuwa Unguja na kamera baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, alipiga picha za kuuawa kwa Tom Mboya jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizunguka dunia nzima. Mtu wa namna hii hastahili ukurasa wenye makosa ya tarehe. Hata hivyo ni kwenye kurasa za watu wa namna hii makosa yanakozaliana haraka kuliko kwingine.

Sababu ni kwamba kila kazi ya mpigapicha wa vita ina tarehe tatu na watu watatu. Kuna siku tukio lilipotokea, siku picha iliporushwa hewani, na siku gazeti lilipoichapisha au kuizungumzia. Na kuna aliyeshika kamera, aliyesoma maelezo, na shirika lililomiliki mkanda. Mhariri wa kujitolea asipozitenganisha, ukurasa unaharibika hata kama kila neno lina tanbihi.

Chukua sentensi ambayo unaweza kuikuta kwa maumbo mengi: "Mwaka 1984 BBC ilimtuma Mohamed Amin Ethiopia kupiga picha za njaa, zikaonyeshwa kwenye tamasha la Live Aid." Inasomeka vizuri, lakini ina makosa karibu kila kipande. Amin alikuwa akiifanyia kazi Visnews, shirika lililokuwa likiuzia vituo vya televisheni picha za habari. Aliyekuwa wa BBC ni Michael Buerk, mwandishi aliyekuwa na kituo chake Johannesburg, na sauti inayosikika kwenye taarifa ile ni yake. Taarifa ya kwanza kutoka Korem, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, ilirushwa tarehe 23 Oktoba 1984. Live Aid, tamasha la muziki la kuchangia wenye njaa, ilifanyika tarehe 13 Julai 1985, miezi karibu tisa baadaye. Zaidi ya hapo, Buerk alikuwa ameshakwenda Ethiopia mara moja mnamo Julai 1984, na mwandishi asiyejua hilo huziunganisha safari mbili zikawa moja. Sentensi iliyonyooka ni hii: "Oktoba 1984 Amin, akiwa mpigapicha wa Visnews, alirekodi hali ya wenye njaa huko Korem, taarifa iliyosomwa na Michael Buerk ilirushwa na BBC kuanzia tarehe 23 Oktoba." Halafu tanbihi mbili: moja mara baada ya Visnews, nyingine baada ya tarehe. Ukiziweka zote mwishoni mwa aya, msomaji anayetaka kuhakiki hajui ipi inathibitisha nini, na mhariri ajaye akiongeza sentensi katikati, tanbihi zako zitaonekana kuthibitisha jambo ambalo hukulisema.

Kwenye sentensi hiyo hiyo kuna mtego wa takwimu. Inarudiwa kila mahali kwamba picha zile zilionyeshwa na vituo 425 vya televisheni. Idadi ya namna hiyo isiandikwe kama jambo la kawaida lisilo na mwenyewe. Tafuta ni nani aliyeihesabu kwanza na umtaje ndani ya sentensi. Ukishindwa kumpata, andika tu kwamba zilionyeshwa katika nchi nyingi, na tanbihi ya chanzo kilichosema hivyo. Ukurasa haupungukiwi na kitu.

Suala la kalenda na saa linatuhusu sana sisi wasemaji wa Kiswahili, na hapa tuna msaada wa kutoa ambao wahariri wa lugha nyingine hawana. Vyanzo vya Ethiopia vinafuata kalenda ya huko, ambayo iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Tarehe 23 Oktoba 1984 ni tarehe 13 ya mwezi wa Tikimt mwaka 1977. Mtu anayesoma gazeti la Addis Ababa na kuona 1977, akaliweka tukio miaka saba kabla, amefanya kosa ambalo hakuna programu itakayomwonya. Kuhusu saa, Waethiopia huhesabu kama sisi, kuanzia macheo. Mwingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane. Taarifa ya saa 12 jioni ya London siku ile ilikuwa saa 2 usiku Nairobi na Addis Ababa, kwa kuwa Uingereza ilikuwa bado kwenye saa zake za kiangazi na tofauti ilikuwa ya saa mbili. Wiki moja baadaye tofauti ingekuwa ya saa tatu. Ushauri wangu ni mfupi: kama saa haina umuhimu kwenye wasifu, iache, kama ina umuhimu, andika ni saa ya wapi.

Jambo la pili linalopotoshwa ni mkono wake. Utasoma kwamba Amin alipoteza mkono "vitani", au "kwa bomu", au hata wakati wa njaa. Ilikuwa Juni 1991, Addis Ababa, siku chache baada ya majeshi ya EPRDF, waasi walioiangusha serikali, kuingia mjini tarehe 28 Mei. Ghala la silaha lililipuka alipokuwa akipiga picha, akapoteza mkono wa kushoto. Katika mlipuko huo huo alikufa John Mathai, Mkenya aliyekuwa fundi wake wa sauti. Wasifu unaotaja mkono bila kumtaja Mathai umepunguza ukweli, nami nasema hili kwa uzito: mafundi wa sauti, madereva na wakalimani ndio wanaoachwa nje ya kurasa za wanahabari wa vita, kwa sababu tu majina yao hayakusomwa hewani. Mhariri makini huwatafuta. Na aliyekufa pamoja na Amin mwaka 1996 ni mwandishi Brian Tetley, mshirika wake wa miaka mingi.

Kuhusu kifo chenyewe, andika mambo yaliyothibitishwa kwanza. Ndege ilikuwa Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi na kuendelea Afrika Magharibi. Watekaji watatu walitaka ipelekwe Australia. Mafuta yaliisha, na rubani Leul Abate akaishusha majini karibu na Mitsamiouli, kisiwani Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, na hesabu hiyo inawajumuisha watekaji. Neno "ilianguka" peke yake halitoshi, maana msomaji atadhani ilidondoka ghafla. Halafu kuna maelezo yanayopendwa sana kwamba Amin alikufa akiwa amesimama akibishana na watekaji. Huenda ni kweli kabisa, lakini hayo ni maelezo ya walionusurika, na kwenye ensaiklopedia yanaandikwa hivyo: "Kwa mujibu wa walionusurika waliohojiwa na gazeti fulani…", pamoja na jina la gazeti na tarehe. Ukiyaandika kama ulikuwapo, mhariri mwenzako atayaondoa, na atakuwa na haki.

Sasa nije kwenye magazeti. Kuna duara linalotusumbua. Mtu anaingiza sentensi isiyo na chanzo kwenye ukurasa. Miezi kadhaa baadaye gazeti linaandika makala ya kumbukumbu, mwandishi ana haraka, anachukua sentensi ile kutoka mtandaoni bila kusema ameitoa wapi. Kisha mhariri mwingine wa Wikipedia, kwa nia njema, anatafuta chanzo cha sentensi ile, anakuta makala ya gazeti, anaiweka kama tanbihi. Kosa limepata cheti. Namna ya kulikamata ni hii: fungua kichupo cha Historia, tafuta toleo la kwanza lenye sentensi hiyo. Kifaa cha WikiBlame hufanya kazi hiyo kwa kuingiza maneno machache. Bila kifaa, fungua toleo la katikati ya historia, angalia kama sentensi ipo, kisha gawa tena nusu iliyobaki, na tena, mpaka ufike kwenye hariri iliyoiingiza. Kama sentensi iliingia kwenye ukurasa kabla ya gazeti kuandika, na gazeti halitaji shahidi wala waraka wake lenyewe, hicho si chanzo. Kiondoe, na kwenye kisanduku cha muhtasari eleza sababu kwa sentensi moja, siyo "marekebisho" tu.

Dawa ya duara hilo ni magazeti ya wakati wenyewe, na hapa wengi hawajui jambo la msingi: Wikipedia haidai chanzo kiwe mtandaoni. Gazeti la Januari 1964 lililoko rafuni ni chanzo halali, na kwa tukio la 1964 ni bora kuliko makala ya kumbukumbu iliyoandikwa miaka 50 baadaye. Baraza na Taifa Leo kwa Nairobi, Ngurumo na Uhuru kwa Dar es Salaam, haya yalikuwa yakiandika kwa Kiswahili katika miaka ile Amin akifanya kazi mitaani. Maktaba ya McMillan na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, sehemu ya Afrika Mashariki ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani ndizo sehemu za kuanzia. Ukipata ukurasa unaouhitaji, nakili jina la gazeti kama lilivyochapwa, tarehe, namba ya ukurasa, kichwa cha habari, na jina la mwandishi kama lipo. Nakili pia neno kwa neno ile sentensi moja unayoitegemea, kwa sababu kigezo cha tanbihi ya gazeti, yaani fomu ya kuijazia, kina sehemu ya nukuu, na nukuu hiyo humsaidia mhariri aliye mbali asiyeweza kufika maktaba. Kama ni filamu ya maikrofilimu na namba ya ukurasa haisomeki, andika tarehe na safu, usibahatishe namba.

Kuna kasoro ndogo ya kiufundi inayotupata sisi tu. Magazeti yetu huandika "Na Mwandishi Wetu". Kifaa kinachotengeneza tanbihi kutokana na kiungo kinaweza kumfanya huyo kuwa mtu mwenye jina la kwanza Mwandishi na jina la ukoo Wetu. Kabla ya kuhifadhi, fungua tanbihi na ufute sehemu hiyo, ubaki na jina la gazeti. Kwa viungo vya mtandaoni, usiweke kiungo tupu. Hifadhi kwanza nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, kisha weka kwenye tanbihi viungo vyote viwili, cha asili na cha nakala, pamoja na tarehe uliyoifungua. Gazeti likihamisha tovuti yake, na yanahamisha, kiungo cha asili kinakufa lakini tanbihi inabaki hai.

Lugha ya gazeti pia haihami salama kwenda ensaiklopedia. "Marehemu", "nguli", "gwiji", "mpiganaji aliyejitoa mhanga", "pengo lisilozibika" ni maneno halali katika taazia, na familia huyasoma kwa faraja. Kwenye wasifu yanafutwa na mahali pake panawekwa tendo lenye tarehe. Badala ya kusema alikuwa jasiri, sema alifungwa Unguja mwaka 1966 kutokana na kazi yake ya kupiga picha, na kwamba baada ya kupoteza mkono aliwekewa wa bandia akarudi kazini. Msomaji ataona ujasiri mwenyewe. Na tukiwa Unguja, majina ya mahali yahakikiwe na watu wa mahali. Gereza la Kiinuamiguu, alikofungwa, si jina la kuachia tahajia ya mgeni, na mhariri wa Kiswahili akilisahihisha hapa, alisahihishe na kwenye ukurasa wa Kiingereza pia.

Uraia nao huzua mabishano. Wapo wanaomwandika Mpakistani, wapo wanaotaka Mhindi, wapo wanaofuta vyote. Angalia tarehe. Alizaliwa 1943 Nairobi, na Pakistan ilianzishwa Agosti 1947, kwa hiyo "mzaliwa wa Pakistan" haiwezekani kwa namna yoyote. Sentensi ya kwanza ya ukurasa hubeba nchi aliyokuwa raia wake alipopata sifa, yaani Kenya. Asili ya wazazi wake, Waislamu wa Punjab, inakwenda kwenye sehemu ya maisha ya awali, na tanbihi yake. Ukiona mtu anabadilisha kila unapohariri, usishindane naye kwa kutengua hariri zake. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kutengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kunaweza kukufungia hata kama hoja yako ni sahihi. Nenda ukurasa wa Majadiliano, weka chanzo, subiri siku kadhaa, na mkishindwa kuelewana waite wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia.

Jina lake pia lina utata. Wako kina Mohamed na Mohammed Amin wengi, na mtu akitafuta "Amin" pamoja na "Uganda" atapelekwa kwa Idi Amin. Kwa hiyo ukurasa unahitaji maelekezo kutoka tahajia ya Mohammed Amin na kutoka Mo Amin, mstari juu kabisa unaowatofautisha wenye jina hilo, na jamii sahihi, yaani makundi ya kurasa, chini: Waliozaliwa 1943, Waliofariki 1996, na ile ya wanahabari wa Kenya. Tarehe zihakikiwe pia Wikidata, hifadhidata ya pamoja ya Wikipedia zote, kwa kuwa sanduku la habari katika lugha nyingi huvuta kutoka huko. Ukisahihisha ukurasa wa Kiswahili tu, kosa linaweza kuendelea kuonekana katika lugha nyingine na kurudi kwetu kwa njia ya tafsiri. Na anayetafsiri kutoka Kiingereza ataje kwenye muhtasari ukurasa alioutafsiri. Leseni ya CC BY-SA, inayoruhusu kutumia maandishi kwa sharti la kumtaja mwandishi, inadai hivyo. Kifaa cha kutafsiri cha Wikipedia hujaza jambo hilo chenyewe, lakini anayenakili kwa mkono husahau.

Picha ndizo zinazotufedhehesha zaidi. Mtu huona ajabu kwamba ukurasa wa mpigapicha hauna picha, anachukua moja mtandaoni, anaipandisha Wikimedia Commons, ghala la picha zinazotumiwa na Wikipedia, na inafutwa. Commons inapokea tu picha iliyo huru katika nchi ya asili na Marekani pia. Sheria ya Kenya inalinda picha kwa miaka 50, hivyo picha iliyochapishwa kwanza Kenya mwaka 1964 ilikwisha muda wake nyumbani mwishoni mwa 2014. Lakini kama tarehe 1 Januari 1996, siku ambayo Marekani ilirudisha ulinzi wa kazi nyingi za nchi za nje, ilikuwa bado inalindwa Kenya, basi Marekani inaendelea kulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Njia iliyobaki ni ruhusa ya mwenye haki. Ruhusa ya "mwaweza kuitumia Wikipedia" haitoshi na itakataliwa, maana leseni inamruhusu mtu yeyote kuitumia, hata kibiashara. Mwenye haki atume barua pepe kwa kitengo cha ruhusa cha Commons kutoka anwani yake rasmi, ataje faili gani na leseni gani, kwa mfano CC BY-SA 4.0. Mtu aliyepiga picha yake mwenyewe ya Amin kwenye hafla au kazini, na yuko tayari kuitoa, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko hariri mia moja.

Wenye uhusiano na mhusika, awe ndugu, mfanyakazi wa zamani au kampuni, wasiuhariri ukurasa moja kwa moja. Waandike kwenye Majadiliano, wajitambulishe, waonyeshe chanzo. Maelezo yao ni ya thamani, lakini kumbukumbu ya mtu isiyochapishwa popote haiwezi kuwa tanbihi. Na hapo, mhariri, ndipo ninapokuomba. Waliofanya kazi na Amin Dar es Salaam miaka ya 1960 wamezeeka. Mwandishi wako akiwahoji leo na kuchapisha, yale ambayo sisi haturuhusiwi kuyaandika yatakuwa yamepata chanzo. Makala hiyo ibebe jina halisi la mwandishi, tarehe ya kuchapishwa mara ya kwanza na siyo ya kusasishwa tu, na itenganishe yale shahidi aliyoyaona na yale aliyoyasikia. Mkisahihisha kosa, chapeni sahihisho kwa tarehe yake, msibadilishe makala ya mtandaoni kimya kimya, kwa sababu tanbihi zetu zitabaki zikielekeza maneno ambayo hayapo. Na kama gazeti lako lina majalada ya miaka ya 1960 hadi 1990, tangaza siku na saa ambazo msomaji anaweza kuja kuyasoma, hata kama ni asubuhi moja kwa wiki. Atakayekuja aje na orodha ya tarehe: Januari 1964, Julai 1969, Oktoba 1984, Juni 1991, Novemba 1996.

Mhariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili,
Dar es Salaam